Uyoga wa Kobe wa Nesi

Msimu wa uyoga, wanawake wanaotoka porini na vikapu hufika sokoni Kasulu mapema, na kwa miaka mingi mteja wao wa kwanza alikuwa mtu ambaye mwenyewe hali uyoga. Ulikuwa ukimsokota tumbo. Alichagua mmoja mmoja, akaunusa, akaugeuza, akauliza umechumwa lini na chini ya mti gani, halafu akasema bila aibu kwamba ni wa kobe. Wageni walicheka. Wenyeji walishamzoea, na wengine walimwekea pembeni fungu lenye vikofia vilivyopasuka, maana kobe hajali sura.

Tulimwita Nesi. Alikuwa amestaafu ukunga kitambo, lakini hata mchungaji alimwita hivyo, na sidhani kama mtaani kwetu walikuwepo watu watatu waliojua jina lake la ubatizo. Mimi ni fundi cherehani. Uzio wangu na wake ulikuwa mmoja, na wanangu wawili walipita mikononi mwake, kwa hiyo mengi ninayoyasema nimeyaona mwenyewe. Pale nilipohadithiwa nitasema nilihadithiwa.

Hakuwa mpole, na sitaki kifo kimfanye mpole. Nilipokuwa na uchungu wa mtoto wa kwanza nikapiga kelele, aliniambia hizo nguvu nizipeleke chini, huku juu hakuna mtoto. Wanawake wengi wa hapa wana maneno yake ya namna hiyo, na tukikutana kwenye kitchen party tunayarudia huku tukicheka, kila mmoja akijivunia kwamba yeye ndiye aliyesemwa vibaya zaidi. Hakuna anayesimulia kwamba Nesi alimpotezea mtoto kwa uzembe. Hilo nalo liwekwe kwenye mizani.

Salamu yake haikuwa "mwakeye" kama ya wenzake wa Kibondo alikotoka, wala hakusubiri shikamoo. Ilikuwa "Umekula?" Ukijibu ndiyo, haikutosha, alitaka ukitaje chakula chenyewe. Dereva wa bodaboda aliyemletea mkaa alisimama pale mlangoni kama mshitakiwa: umekula nini, saa ngapi, nani kapika. Niliwahi kumdanganya kwamba nimekula maharage, akanitazama midomo, akaingia ndani na kurudi na ndizi za kuchemsha kwenye sahani iliyofunikwa. Nilidhani ni mazoea ya wodini. Nikamtania kwamba siku akifika mbinguni atauliza malaika wa mlangoni kama amekula. Nesi alikuwa mtu wa utani, lakini hilo hakulicheka, nami sikujua kwa nini.

Mtu angedhani alipenda wanyama. Hakuwapenda. Mbwa aliwafukuza kwa fagio, paka alisema wana dharau, na nyoka alimwogopa kuliko mtu yeyote ninayemjua. Siku moja nyoka aliingia jikoni kwake, naye akapanda juu ya meza, mtu mzima wa umri ule, akaniita kwa sauti iliyowatoa wanafunzi wa chuo njiani. Nilipofika na jembe nyoka alishatoka zamani. Chini ya meza alikuwepo kobe, anakula ganda la papai kwa utulivu kabisa. Nikamwambia Nesi kwamba hawa wawili ni ukoo mmoja. Akasema kutoka kule kule mezani kwamba kila ukoo una mtu wake wa kutokaribishwa.

Kobe mwenyewe alikuwa wa ile aina ndogo, yenye kiungo mgongoni. Akiogopa, sehemu ya nyuma ya gamba hushuka kama mfuniko na kufungia miguu ndani. Rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa. Ukingoni mwa gamba, nyuma upande wa kushoto, palikuwa na tundu ambalo mtu alilitoboa kwa msumari wa moto ili kupitisha uzi. Jina lake lilikuwa Kanyamasyo, ambalo kwa Kirundi ni kobe tu. Nesi hakumpa jina hilo, alimpokea nalo.

Mwaka wa kwanza nusura amuue. Alimlisha ugali na maharage kama tunavyolishana sisi, tena kwa wingi, akafurahi kuona anakula. Kobe akavimba macho, gamba likawa laini pembeni likibonyea kwa kidole. Aliyemsaidia alikuwa mchuuzi Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu, mtu wa vitenge, aliyepita siku ya soko akamwona Nesi anamwekea kobe dawa ya macho ya watoto. Alimgeuza, akamtazama tumbo, akatikisa kichwa. "Mama, bugali usimupatie tena," alimwambia. "Huyu anakulaka buyoga, anakulaka majani na majongoo. Bugali ni ya batu."

Kuanzia hapo Nesi akawa mwanafunzi. Mvua ikikatika tu, alitoka na kopo la maziwa ya unga kuokota majongoo kwenye mifereji, akiwa na gauni la kanisani kama ni Jumapili. Konokono aliwatoa kwenye migomba yangu, na nilimshukuru kwa hilo. Maganda ya mayai aliyakusanya kwa jirani wote, akayakausha, akayatwanga, akanyunyiza unga wake juu ya matembele. Papai ilikuwa ya Jumapili. Mara mbili kwa wiki alimwogesha kwenye beseni, na maji aliyapima kwa kiwiko kama ya kichanga. Mimi ambaye nilitukanwa leba nilisimama uzioni nikimsikia anamwambia kobe, "Taratibu, baba, usimeze maji," nikaona wivu, nasema kweli.

Watu walisema maneno. Mjane mwenye kobe ndani ya nyumba hakosi kusemwa. Mwanamke mmoja wa jumuiya alikwenda hadi kwa mchungaji, na mchungaji akaja kuona. Alimkuta Nesi amepiga magoti anasugua gamba kwa mswaki mkuukuu. Akaulizwa kama amekula. Akanywa chai kwa mihogo, akaondoka, na jambo likaishia hapo. Afisa wa wanyamapori naye aliwahi kufika akieleza kwamba kobe ni mali ya serikali. Nesi akakubali, akaingia ndani, akatoka na kopo la majongoo na kumkabidhi, kwa sababu mali ya serikali ilikuwa haijala. Yule kijana alicheka mpaka akakaa chini. Akasema mama abaki naye, ila asimuuze.

Mvua zikiisha, kati ya mwezi wa tano na wa sita, kobe wa aina ile huacha kula. Hujichimbia mahali akalala kiangazi chote, na hatoki mpaka mvua ya kwanza. Nesi aliita likizo. Ilipotokea mara ya kwanza alidhani amekufa, akakaa naye mapajani siku nzima juani akimpapasa, mpaka yule Mkongomani alipopita tena akamwambia amrudishe mchangani. Baada ya hapo akawa anasubiri. Mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi ikipiga bati, alitoka barazani na kiti chake na bakuli, na kobe akatoka kwenye kichuguu kilicho karibu na uzio, kichwa kimejaa udongo. Ndiyo siku pekee katika mwaka nilipomwona Nesi akipiga makofi.

Sababu ya yote hayo alinieleza mara moja tu, tukipukuchua mahindi, bila kunitazama.

Kabla kambi ya Mtabila haijafungwa, alikuwa akifanya kazi kwenye zahanati moja ndogo, jina lake halina haja hapa. Mwanamke mkimbizi kutoka Burundi alikuja kujifungua akiwa na binti yake wa miaka kama minane. Ndugu waliyekuwa naye ni shangazi mmoja tu, aliyekaa upande wa pili wa kambi. Binti alibaki nje kwenye benchi, kobe wake yumo kwenye mfuko mapajani. Mtoto alizaliwa hana uhai, na damu ya mama haikukubali kusimama. Nesi alifanya kila alichokijua. Alasiri yule mama akakata roho. Nesi akatoka nje kumwambia binti, na ulimi ukamgomea. Akasema mama amepelekwa Kigoma, hospitali kubwa, kwa gari lililotokea mlango wa nyuma, na kwamba aende akamsubiri kwa shangazi. Zahanati ile haikuwa na mlango wa nyuma.

Binti hakwenda kwa shangazi. Alikwenda barabarani kusubiri gari la kutoka Kigoma. Alikaa huko siku mbili, kwenye kibanda cha muuza ndizi, na katika siku hizo mbili wazee wa kanisa walimzika mama yake, shangazi akiwa anamtafuta mtoto nyumba kwa nyumba. Alipopatikana, kaburi lilikuwa limeshafukiwa na maua yameshanyauka.

Malori ya kuwarudisha watu kwao yalipokuja, wanyama wa porini hawakuruhusiwa kupanda. Binti alimfuata Nesi peke yake, akamwekea mfuko mikononi. Akamwambia amtunzie, akikua atakuja kumchukua. Hakulia, hakusema lingine. "Sijui kama alinisamehe au alinifunga," Nesi aliniambia, kiganja kimejaa mahindi. "Ninachojua, mpaka aje, huyu asife." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Sasa nije kwangu.

Macho ya Nesi yalianza kuingia ukungu, na mpwa wake akampeleka Kigoma kutibiwa. Ulikuwa mwezi wa nane, kiangazi kikavu, nyasi zinavunjika ukizikanyaga. Aliniachia funguo. Kuhusu kobe alisema tu kwamba yuko likizo, hana shida na mtu. Nami nilijua likizo yake huwa ni kwenye kichuguu.

Kwetu mgonjwa akirudi kutoka hospitali hatakiwi kuukuta uchafu wa siku za ugonjwa. Uwanja unafagiliwa, na kila kikavu kinachomwa siku moja kabla hajafika, ili aingie mahali papya. Tulikuja wanawake sita wa jumuiya. Tulipiga deki, tukafua mapazia, tukaimba. Nyuma ya jiko palikuwa na lundo la mabua ya mahindi tangu mavuno. Wenzangu walilisogezea majani makavu na mapumba. Kiberiti nilikiwasha mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mwenye nyumba kwa wakati ule.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kuzoa majivu niyapeleke kwenye migomba. Koleo likagonga kitu. Mwaka ule hakuwa amekwenda kichuguuni. Alikuwa chini ya mabua, amejichimbia kina kidogo tu, pengine kwa sababu udongo pale ulikuwa mgumu. Sikutaka kuamini mpaka nilipolisafisha gamba kwa kanga yangu, nikaliona tundu la uzi. Nilimzika chini ya mgomba wa tatu kutoka uzioni, nikanawa, nikaenda kupika chakula cha kumpokea Nesi.

Alishuka kwenye gari na bandeji kwenye jicho moja. La pili, waliambiwa, lilikuwa limeshachelewa. Aliusikia uwanja kwa miguu yake, akasema pamefagiliwa, asanteni. Akaniuliza kama Kanyamasyo yupo. Wale wanawake watano walikuwa wanasikiliza, sufuria zinatoa mvuke, na mimi nikajibu kwamba bado yuko likizo.

Uongo wa namna ile hauna mahali pa kuuegesha. Septemba yote niliubeba. Mvua ya kwanza ilipokuja akatoka barazani na kiti na bakuli la uyoga, akaelekeza uso kichuguuni. Akakaa mpaka alasiri. Kesho yake akakaa tena. Siku ya tatu nilishindwa kushona. Nilikuwa napitisha kwenye kitambaa sindano isiyo na uzi. Nikamtafuta mwanamke mmoja mchoma mkaa ambaye niliwahi kumsikia akisema hukutana na kobe huko porini. Akaniletea mmoja, wa aina ile ile, mkubwa ule ule, nami nikamlipa kwa kumshonea sketi ya marinda. Nikapitia nyuma ya nyumba, nikamweka kobe uwanjani, nikamwita Nesi kwamba njoo, ametoka.

Alikuja akipapasa ukuta. Akapiga magoti, akamchukua, akaanza kumpitishia vidole kama alivyokuwa akipitisha kwenye matumbo yetu, pole pole, akizunguka. Vidole vilifika nyuma upande wa kushoto, vikasimama. Vikarudi, vikapita tena.

"Huyu jike," alisema. "Na hajatobolewa." Akaomba beseni, akampa maji kwanza, akasubiri anywe. Ndipo akaniuliza wake nimemfanya nini.

Nikamwambia. Alisikiliza yote akiwa pale chini, mkono juu ya gamba la yule mgeni. Hakunitukana, na mimi nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, ningefurahi kutukanwa. Alisema tu kwamba huyu ana kwao, nimrudishe alikotolewa kabla giza halijaingia. Nilimrudisha. Msimu wote wa mvua uliofuata Nesi aliniitikia salamu, lakini hakuniuliza hata mara moja kama nimekula. Hakuna adhabu niliyowahi kupewa na mzazi iliyoniuma kama ile.

Aliponiita tena mahindi yalikuwa yameanza kukauka shambani. Alikuwa kitandani, amekonda, mpwa wake amemwegemeza kwenye mito karibu na dirisha. Ilikuwa saa nane mchana, watoto wanarudi shule. Nilisimama mlangoni nisijue nikae wapi.

"Kaa hapo," alisema. "Umekula?"

Nikamjibu nimekula ugali na matembele, nimepika mwenyewe, saa saba. Nikalia, akaniacha nilie. Halafu akanieleza. Mwanamke mmoja anayefanya biashara ya kwenda na kurudi Burundi alikuwa ameleta habari kwamba yule binti amekuwa mtu mzima, anauza nguo sokoni huko kwao, na anaulizia njia ya kufika Kasulu. Alisema atakuja baada ya mavuno. Nesi alikuwa ameshawaona wagonjwa wengi, akajipima mwenyewe, akajua mavuno hatayafikia.

"Wewe ndiye atakayekukuta," alisema. "Sasa mimi ndiye yule binti. Nimeshuka kwenye basi, nimeulizia kobe wangu. Niambie."

Nilianza kwa kuzunguka. Nikaeleza alivyotunzwa, uyoga, maganda ya mayai, maji ya vuguvugu. Akanikatiza kwamba binti hajauliza hayo. Nikaanza upya. Nikasema kobe wako amekufa, aliungua chini ya mabua, moto niliuwasha mimi bila kujua yupo, na nimemzika chini ya mgomba, nitakuonyesha. Safari hii yote yalitoka.

"Na mama yangu?" aliuliza.

Nikasema mama yako alifariki mle ndani wewe ukiwa kwenye benchi. Hakuna gari lililokwenda Kigoma. Nesi alikudanganya, na kwa ajili hiyo hukumzika mama yako, na Nesi aliomba umsa—

"Usiniombee," alisema. "Akitaka kutoa atatoa mwenyewe. Endelea."

Nikasema nimemaliza. Akaniuliza tena, na alivyouliza sikuisikia sauti ya mkunga, niliisikia ya mtoto: "Alisema nini, mama yangu?"

Nikamwambia Nesi, hilo hukuwahi kuniambia. Aligeuza uso dirishani, lile jicho moja likafuata mwanga.

"Aliuliza kama umekula," alisema. "Alijua anakwenda, na hakuuliza kingine chochote. Aliuliza, yule wa nje amekula? Nikamwambia amekula, amekunywa uji. Na hukuwa umetia kitu mdomoni tangu asubuhi, nilikuona mwenyewe." Alivuta pumzi. "Ningekufikishiaje, wakati nilikuwa nimeshasema yuko garini? Mwambie hilo. Na la uji usilifiche."

Tulirudia mara tatu, mpaka nilipoweza kusema yote bila kulia. Siku ya nne baadaye Nesi alifariki. Tulimzika Jumamosi, na wanawake wa uyoga walifunga biashara wakaja.

Mavuno yamepita na binti hajafika. Basi la kutoka Kibondo likisimama naangalia wanaoshuka, natafuta mwanamke kijana anayetazama huku na huku. Maneno ninayo yote, kwa mpangilio ule ule. Kila mchana natenga sahani moja na kuifunika, kwa sababu nimeamua akija sitaanza na kobe wala na mama yake. Kwanza atakula.